Jinsi ya kuipata "La Grande Jatte" ya Seurat ndani ya jumba la sanaa la Chicago: mwongozo kamili

Art Institute of Chicago ni jumba ambalo mtu anaweza kulizunguka kutwa nzima akatoka bila kuiona picha iliyompeleka. Ndani yake mna deraya na panga za Ulaya, vyombo vya udongo vya China, sanamu za India, samani za Marekani, vyumba vidogo sana vilivyopangwa kama nyumba za watu, na jengo zima la sanaa ya kisasa. Njia za reli zinapita katikati ya majengo yake. Ukiingia bila mpango, miguu itachoka kabla macho hayajashiba.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye shabaha moja: kuiona picha ya Georges Seurat inayoitwa "A Sunday on La Grande Jatte — 1884", kazi iliyoutambulisha uchoraji wa nukta, yaani pointilizimu. Njia ninayoieleza inamfaa anayemtafuta mchoraji yeyote katika jumba lolote kubwa, lakini nimeamua kuifuata picha moja hatua kwa hatua, maana maelekezo ya jumlajumla hayamfikishi mtu mlangoni. Tena kwa Seurat kuna jambo la ziada. Kufika mbele ya picha ni nusu ya kuipata. Nusu ya pili ni kujua usimame wapi.

Kwanza hakikisha ni picha gani, na iko mji gani

Seurat alizaliwa Paris tarehe 2 Desemba 1859 na kufariki tarehe 29 Machi 1891, akiwa na umri wa miaka 31. Kwa kuwa alikufa kijana, picha zake kubwa zinahesabika kwa vidole, nazo zimetawanyika. Ile ya waogaji, "Bathers at Asnières" ya 1884, iko National Gallery mjini London. "Les Poseuses", ya 1886 hadi 1888, iko Barnes Foundation mjini Philadelphia. "Parade de cirque", ya 1887 na 1888, iko Metropolitan Museum mjini New York. "Le Chahut", ya 1889 na 1890, iko Kröller-Müller, Uholanzi. "Le Cirque", aliyoiacha bila kuimaliza alipofariki, iko Musée d'Orsay mjini Paris. Na La Grande Jatte iko Chicago. Picha sita, majumba sita. Anayekwenda Paris akidhani ataiona huko kwa sababu La Grande Jatte, kisiwa kilichochorwa ndani yake, kiko kwenye mto Seine atarudi mikono mitupu.

Kuna mtego mwingine ambao ni lazima uujue mapema. Kabla ya kuichora La Grande Jatte, Seurat alikwenda kisiwani mara nyingi kuchora vipande vidogo vya mbao na michoro ya kalamu nyeusi, halafu akaandaa turubai za kati za kujaribia mpangilio wa watu na miti. Kazi hizo za maandalizi nazo zina thamani yake, nazo zimesambaa katika majumba mengi. Ukitafuta jina la picha kwenye intaneti, zitakujia pamoja na picha kuu. Rasimu ya mwisho, kwa mfano, iko Metropolitan Museum: sura ni ileile, watu ni walewale, ila ukubwa wake ni sentimita 70.5 kwa 104.1. Picha kuu ya Chicago ni sentimita 207.5 kwa 308.1, yaani urefu wake kwenda juu unampita mtu mzima, na upana wake unazidi mita tatu. Kwa hiyo usitazame sura tu. Soma vipimo, na soma jina lote: neno "study" au "sketch" likiwamo ndani ya jina, hiyo ni kazi ya maandalizi.

Jambo la mwisho la kuuliza kabla ya kukata tiketi ya ndege au basi ni kama picha imeazimwa. Majumba huazimana picha kwa maonyesho ya miezi kadhaa, na ni uchungu kusafiri ukakuta ukuta mtupu. Kwa La Grande Jatte una bahati. Mwaka 1958 iliazimwa Museum of Modern Art, New York, na tarehe 15 Aprili moto ukazuka humo. Mfanyakazi mmoja alikufa, na picha kubwa ya Monet ya mayungiyungi ikateketea. La Grande Jatte iliokolewa bila kudhurika, ikarudishwa Chicago, na tangu hapo haiazimwi tena. Inaweza kuhamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine ndani ya jumba lilelile, kama ilivyokuwa mwaka 2004 lilipofanyika onyesho maalumu kuhusu namna ilivyochorwa, lakini haitoki Chicago.

Kazi ya kufanya ukiwa nyumbani

Hapa ndipo safari inapofanikiwa au kuharibika. Tenga nusu saa, simu au kompyuta, na daftari.

1. Fungua tovuti ya jumba, artic.edu, uende sehemu ya makusanyo. Andika jina la ukoo la mchoraji peke yake: Seurat. Usiandike jina la picha kwa Kifaransa wala usilitafsiri, kwa sababu jumba limeisajili kwa jina lake lenyewe, na herufi moja ikipishana unaweza kuambiwa hakuna kitu.

2. Chuja matokeo ubakishe zile zilizotundikwa ukutani tu. Kila jumba kubwa lina vitu vingi ghalani kuliko vinavyoonekana vyumbani, na ghalani huingii. Michoro ya Seurat kwenye karatasi hasa huonyeshwa kwa nadra, kwa kuwa mwanga unaila karatasi.

3. Fungua ukurasa wa picha yenyewe na uandike mambo mawili: namba ya chumba na namba ya usajili. Chumba chake ni cha 240. Namba ya usajili ni 1926.224, na tarakimu nne za mwanzo ni mwaka ambao jumba liliipokea. Namba hiyo ni silaha yako. Majina ya picha hubadilika kutoka lugha hadi lugha, lakini namba ya usajili ni moja, na mfanyakazi yeyote akiiona ataitambua picha bila mjadala.

4. Piga picha ya skrini ya ukurasa huo. Kuta za mawe na umati wa watu vinaweza kukufanya ukose mtandao wakati unauhitaji.

5. Pakua taswira yake. Tangu mwaka 2018 jumba hili linaruhusu mtu yeyote kupakua bure, kwa ubora mkubwa, picha zake ambazo hazibanwi tena na hakimiliki. Ikuze kwenye skrini uone nukta. Chagua sehemu tatu unazotaka kuziona kwa macho yako ukifika, uziandike. Nitakupa zangu mbele kidogo.

6. Angalia siku na saa za kufungua. Zipo siku za wiki ambazo jumba halifunguliwi kabisa, na ratiba hubadilika, kwa hiyo iangalie tena jioni ya kuamkia safari. Angalia pia kama kuna vyumba vilivyofungwa kwa matengenezo.

Kuhusu kiingilio: watoto walio chini ya miaka 14 hawalipi, na vijana wa jiji la Chicago walio chini ya miaka 18 hawalipi pia. Wakazi wa jimbo la Illinois hutangaziwa siku maalumu za kuingia bure, na hapo ninazungumza na ndugu zetu wengi, hasa waliotoka Kongo, wanaoishi upande wa kaskazini wa jiji. Siku hizo zitafute kwenye tovuti, ujiandikishe mapema, na ubebe kitambulisho chenye anwani yako. Wengine wote wanunue tiketi mtandaoni ili wasipange foleni.

Kufika

Jumba liko 111 South Michigan Avenue, katikati ya jiji. Treni zinazopita juu ya barabara zina stesheni ya Adams/Wabash, mtaa mmoja tu kutoka jumba. Ukishuka, fuata barabara ya Adams kuelekea mashariki, upande wa ziwa. Inaishia mbele ya ngazi za jumba, kati ya simba wawili wa shaba waliowekwa hapo mwaka 1894. Kutoka uwanja wa ndege wa Midway, panda Orange Line hadi stesheni hiyohiyo. Kutoka O'Hare, panda Blue Line ushuke Monroe, halafu utembee mitaa michache kuelekea mashariki.

Kuna milango miwili, na uamuzi wa mlango ni muhimu kuliko unavyodhani. Mlango wa simba unakuingiza katika jengo la zamani, lililofunguliwa mwaka 1893, ambamo ndimo ilimo picha yako. Mlango wa barabara ya Monroe unakuingiza katika jengo jipya la sanaa ya kisasa lililosanifiwa na Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2009. Ukiingilia huko itabidi uvuke kwanza ukumbi mrefu uliojengwa juu ya reli, wenye sanamu za India na nchi jirani zake, ndipo ufike jengo la zamani. Kwa shabaha yetu, ingia kwa simba. Anayetumia kiti cha magurudumu au anayesukuma kigari cha mtoto ataona mlango wa Monroe ni rahisi zaidi, na lifti zipo pande zote mbili.

Mlangoni

Mikoba mikubwa, mabegi ya mgongoni na miavuli hukabidhiwa chumba cha kuhifadhia mizigo. Njoo na mkoba mdogo na utapunguza foleni moja. Vaa viatu vya kutembelea, kwa sababu sakafu ni ngumu, na picha hii hutaiangalia ukiwa umesimama sehemu moja. Kama unavaa miwani, ya kusomea na ya mbali, beba zote mbili. Nitaeleza kwa nini.

Chukua ramani ya karatasi au uiombe kaunta. Simu inasaidia, lakini ramani ya karatasi haiishiwi chaji. Tia alama ya duara kwenye chumba cha 240, halafu tia alama kwenye ngazi kuu. Hivyo viwili tu.

Ukitaka kuuliza, waulize walinzi wa vyumbani. Hao ndio wanaosimama na picha hizi siku nzima na wanajua ipi imehamishwa jana. Herufi ya mwisho ya jina la mchoraji haitamkwi. Sema "Sera" ukikaza mwishoni, au sema tu "La Grande Jatte". Ukiona hamuelewani, onyesha picha ya skrini yenye namba.

Kutoka ngazini hadi chumba cha 240

Ukishaingia kwa simba, ngazi kuu iko mbele yako. Panda hadi ghorofa ya pili ya jengo, kwa hesabu ya Wamarekani ambao huita ya chini ya kwanza. Kwa hesabu tuliyoizoea Dar es Salaam au Nairobi ni ghorofa ya kwanza. Watu hupishana hapo. Lifti pia imeandikwa kwa hesabu yao.

Juu ya ngazi kuna chumba cha 201. Kwa kawaida humo mna picha kubwa ya Gustave Caillebotte ya mwaka 1877 yenye watu na miavuli katika mtaa wa Paris siku ya mvua. Ukiiona, uko njia sahihi. Usisimame. Najua ni picha nzuri, lakini macho yana akiba yake na leo akiba hiyo ina mwenyewe. Utairudia.

Kutoka hapo fuata namba zilizoandikwa karibu na milango. Usishangae zikiruka kutoka za mia mbili na kidogo hadi mia mbili arobaini, kwa sababu vyumba vilijengwa na kugawanywa kwa nyakati tofauti. Unatafuta eneo la picha za Ufaransa za mwisho wa karne ya 19. Ukiona majina Monet, Renoir na Pissarro kwenye vibao vya maelezo, umekaribia. Ukianza kuona watakatifu na Bikira Maria, umepotea, rudi nyuma.

Ukifika chumba cha 240 utaijua kabla ya kusoma chochote. Thibitisha hata hivyo kwa kibao: jina la mchoraji, mwaka 1884 hadi 1886 pamoja na miaka ya baadaye alipoongeza ukingo wa nukta, rangi ya mafuta juu ya turubai, namba 1926.224, na maneno "Helen Birch Bartlett Memorial Collection". Frederic Clay Bartlett na mkewe Helen waliinunua mwaka 1924. Helen alifariki mwaka uliofuata, na mumewe akaikabidhi jumba mwaka 1926 pamoja na picha nyingine kwa kumbukumbu yake. Ukiyaona maneno hayohayo chini ya picha nyingine, kama "The Bedroom" ya Van Gogh, ujue zote zimetoka katika zawadi ileile.

Ukikuta haipo, usiondoke. Soma tangazo lolote lililoachwa ukutani, mwulize mlinzi, na kama hajui rudi kaunta ya maelezo chini ukawape namba ya usajili. Kwa picha ambazo zinaruhusiwa kuazimwa, jibu linaweza kuwa mji mwingine. Kwa hii, jibu litakuwa chumba kingine.

Usimame wapi

Sasa punguza mwendo. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanaingia, wanapiga picha ya simu, wanageuka. Picha ya nukta haionekani kutoka sehemu moja. Ina umbali wa aina tatu, na kila mmoja unaonyesha jambo ambalo mwingine unalificha.

Anza mbali, kadiri chumba kinavyokuruhusu, hata kama itabidi usimame mlangoni. Kutoka hapo nukta hazipo. Kuna bustani ya kando ya mto, Jumapili mchana, na watu waliotulia kama sanamu. Kisiwa cha La Grande Jatte kiko kwenye Seine, pembeni ya Paris, na watu wa jiji walikuwa wakienda huko kupumzika. Tazama kwanza kivuli: sehemu yote ya chini ya picha iko kivulini, halafu ghafla mpaka unakatika na jua linaanza. Mpaka huo ndio unaoipa picha kina chake. Kisha mtafute mtoto wa gauni jeupe katikati, anayekuelekea wewe moja kwa moja wakati wengi wanaomzunguka wanaonyesha ubavu au mgongo. Upande wa kulia yuko mwanamke mwenye mwavuli na sketi iliyofura nyuma, na kima amefungwa kamba miguuni pake. Kushoto amelala mwanamume mwenye kiko.

Sogea hadi umbali wa mita tatu hivi. Hapa ndipo picha inapoanza kutikisika. Nukta hazijaonekana wazi, lakini hazijachanganyika kabisa, na nyasi zinametameta kana kwamba kuna joto linapanda kutoka ardhini. Kaa hapo kuliko sehemu nyingine yoyote. Husemwa kwamba nukta za rangi mbili zinachanganyika machoni na kuzaa rangi ya tatu. Kweli zinachanganyika ukiwa mbali sana, kama vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu vya skrini ya simu yako vinavyokupa rangi nyingine zote. Lakini kwa umbali wa kawaida wa mtu aliye chumbani hazimalizi kuchanganyika, na kule kutomaliza ndiko kunakoleta uhai. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kuu ambalo nakala ya kitabuni au ya skrini haiwezi kulitoa, maana nakala imeshakuchagulia umbali.

Halafu karibia, hadi pale mstari wa sakafuni au mlinzi atakapokuzuia. Badilisha miwani kama unayo ya karibu. Simu pia inasaidia: simama nyuma ya mstari, zima flashi, vuta kwa kamera, na utaona zaidi ya macho. Usinyooshe kidole karibu na turubai. Na kama uko na watoto, washike mikono kabla hamjafika.

Ukiwa karibu, angalia sehemu tatu nilizokuahidi.

Ya kwanza ni nyasi. Watu wanadhani picha nzima ni nukta. Sivyo. Seurat alianza mwaka 1884 kwa mipigo mifupi ya brashi iliyofuata umbo la kila kitu: ya kukatana kwenye nyasi, ya kulala kwenye maji, ya kusimama kwenye mashina ya miti. Aliirudia picha mwaka 1885 na 1886, na hapo ndipo alipotawanya nukta juu ya kazi ya mwanzo. Ukitazama kwa subira utaona tabaka mbili, mipigo chini na nukta juu. Ni kama kumwona mtu akigundua njia yake mbele ya macho yako, kwenye turubai hiyohiyo.

Tukiwa hapo kwenye nyasi zenye jua, tafuta nukta za rangi ya kahawia isiyopendeza. Hizo zilikuwa njano kali. Seurat alitumia rangi ya njano yenye zinki ambayo ilianza kuharibika mapema sana. Mwaka 1892, mwaka mmoja baada ya kifo chake, rafiki na mtetezi wake Félix Fénéon alikuwa tayari anasikitika kwamba picha imepoteza nuru yake. Njano imekuwa kahawia, rangi ya chungwa iliyochanganywa nayo imefifia, na kijani chake kimekuwa kama zeituni. Kwa hiyo unapoitazama, jaribu kuongeza jua kwa fikira zako. Jua la Jumapili ile lilikuwa kali kuliko unaloliona.

Ya pili ni kingo za watu. Tazama mahali ambapo nguo nyeusi inakutana na nyasi za jua. Nyasi zinakuwa na mwanga zaidi karibu na nguo, na nguo inakuwa nyeusi zaidi karibu na nyasi. Seurat aliifanya makusudi. Alikuwa amemsoma Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Wafumaji walimlalamikia Chevreul kwamba rangi yake nyeusi haikolei. Alipochunguza aligundua kuwa dawa ya rangi haikuwa na kasoro. Rangi zilizowekwa jirani na ile nyeusi ndizo zilizoifanya ionekane dhaifu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839, na miaka zaidi ya arobaini baadaye mchoraji kijana akaifanya sayansi hiyo kuwa msingi wa kazi yake.

Ya tatu ni ukingo wa picha yenyewe. Kabla ya kufika fremu nyeupe kuna utepe mwembamba wa nukta unaoizunguka picha yote. Seurat aliuongeza mwaka 1888 au 1889. Ufuate kwa macho kutoka kona hadi kona, uone rangi zake zinavyobadilika kulingana na kilichopo ndani: jirani na kijani, nukta nyekundu zinazidi, jirani na rangi ya chungwa, buluu inazidi. Fremu nyeupe nayo ina sababu, kwa kuwa Seurat hakutaka dhahabu ya fremu za kawaida iingilie rangi zake. Watu wachache huangalia huku ukingoni, kwa hiyo utapata nafasi hata chumba kikiwa kimejaa.

Ukimaliza, rudi nyuma tena taratibu, hatua moja moja, ukiangalia sehemu ileile ya nyasi. Kuna mahali ambapo nukta zinapotea. Mahali hapo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mwenye macho makali huenda mbali zaidi. Kama mko wawili, pimaneni.

Wakati mzuri wa haya yote ni dakika za kwanza baada ya milango kufunguliwa, siku ya kazi. Ukichelewa, utakuta vikundi vya wanafunzi. Si vibaya kusikiliza wanachoambiwa, lakini kurudi nyuma na kwenda mbele hutaweza.

Majirani zake

Ukishaiona La Grande Jatte, macho yako yameshazoea nukta, na huo ndio wakati wa kuwatafuta wenzake. Jumba lina rasimu ndogo ya Seurat ya mwaka 1884 kwa ajili ya picha hii, iliyochorwa kwenye kipande cha mbao kidogo kuliko karatasi ya A4; hakuna nukta hapo, ni mipigo ya haraka ya mtu aliyekaa kisiwani na sanduku la rangi mapajani. Lina "Les Andelys, Côte d'Aval" ya Paul Signac ya mwaka 1886, na "Beach at Cabasson" ya Henri-Edmond Cross ya 1891 na 1892. Cross ndiye ninayempenda zaidi baada ya Seurat, kwa jinsi mchanga wake unavyong'aa bila kelele. Angalia pia picha ya Van Gogh aliyojichora mwenyewe mwaka 1887: alikuwa ameiona kazi ya Seurat mjini Paris, akaichukua nukta, akaigeuza kuwa mipigo inayomzunguka kichwani. Hakikisha kwenye tovuti ni zipi kati ya hizi zimetundikwa siku yako, kwa njia ileile ya namba.

Ukiwa katika mji mwingine

Utaratibu haubadiliki: jina la ukoo, kilicho ukutani, namba ya chumba, namba ya usajili, mlango ulio karibu, halafu moja kwa moja. Kinachobadilika ni mambo madogo ya kila mahali.

London ndiko rahisi zaidi kwa mfuko, kwa sababu kuingia kuona makusanyo ya kudumu ya National Gallery ni bure, na unaweza kurudi kesho yake kumalizia. "Bathers" ina upana wa mita tatu, kwa hiyo inahitaji umbali mrefu kama ule wa Chicago. Ilichorwa kabla Seurat hajakamilisha njia yake, na nukta chache zilizomo aliziongeza baadaye. Ukiwa London, nenda pia Courtauld ukaione "Young Woman Powdering Herself". New York, nenda Metropolitan kwa "Parade de cirque" na ile rasimu ya mwisho ya La Grande Jatte, kisha Museum of Modern Art kwa picha ya Fénéon aliyoichora Signac mwaka 1890. Paris, Orsay ina foleni ndefu. Tiketi ya mtandaoni yenye saa maalumu ni ya lazima kwangu.

Kröller-Müller haiko mjini kabisa. Iko Otterlo, ndani ya hifadhi ya taifa ya De Hoge Veluwe, na hapo unalipa mara mbili: kiingilio cha hifadhi na cha jumba. Panga siku nzima, angalia ratiba ya basi la kurudi kabla hujaingia, na ukishapita lango la hifadhi chukua mojawapo ya baiskeli nyeupe zinazotolewa bure kwa wageni.